Barua zenye sahihi za waandishi: kabla hujachoma, kabla hujapiga laminesheni, pita hapa

SandukuLaBati (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Anayepita haraka namwomba asome hiki kisa cha kwanza tu, halafu akapekue kabati la babu yake.

Nakusanya barua zenye sahihi za waandishi, huu mwaka wa kumi na nne. Si mkusanyo mkubwa: barua ishirini na tatu na kadi za posta tisa. Nilianza na barua moja ambayo niliiharibu siku ileile niliyoipata.

Marehemu baba alikuwa mwalimu Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 60 alikuwa akiandikiana na mshairi mmoja aliyejulikana sana magazetini. Jina lake naliweka pembeni kwa kuwa familia yake haijaniruhusu. Baba alipofariki nikaikuta barua moja ndani ya kamusi yake, karatasi ya daftari yenye mistari ya buluu, wino mweusi, imekunjwa mara nne. Kwenye mikunjo ilishaanza kuachia. Nikaogopa itakatika vipande, nikaipeleka duka la steshenari ipigwe laminesheni, kama tunavyofanya vyeti vya kuzaliwa na vya shule.

Kijana akaiingiza mashineni. Kona ya chini kulia ikajikunja ikiwa ndani, ikatoka imegandiana na plastiki. Kona hiyo ndiyo yenye sahihi. Herufi tatu za mwisho za jina la yule mzee zimo ndani ya mkunjo mpaka leo. Ukiinua juu kwenye mwanga unaziona kivuli, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia.

Sikumlaumu kijana, kazi yake ni vyeti. Ila tangu siku hiyo nikaanza kuuliza, kusoma na kutafuta watu wanaojua, na jambo la kwanza nililoambiwa ni hili: laminesheni haivuliwi. Joto la mashine linayeyusha gundi, gundi inaingia kwenye nyuzi za karatasi, na ukijaribu kubandua plastiki unabandua na maneno. Juu ya hapo, asidi iliyomo kwenye karatasi inafungiwa ndani na kuendelea kuila taratibu.

Sasa kwa nini tujisumbue na barua wakati vitabu vipo?

Mtazameni Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, Tanga, 1909, akafariki 1962. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, anahamishwa kituo hadi kituo, na riziki yake ilikuwa mshahara wa ofisini, si vitabu. Kuanzia 1931 hadi 1958 alikuwa akimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge. Barua zile zilikuja kuchapishwa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002, mhariri akiwa Profesa Mulokozi. Piga hesabu: miaka 27 ya kuandikiana, kisha miaka 44 kutoka barua ya mwisho hadi kitabu. Katika miaka hiyo yote masika yalipita, mchwa walikuwepo, nyumba zilihamwa, vita vya dunia vikaanza na kwisha, na bado kuna mikono iliyoona kwamba karatasi hizi si za kuwashia jiko.

Kitabuni Shaaban Robert amevaa kanzu na koti, anasema na taifa. Kwenye barua anasema na mdogo wake. Kwangu mimi hapo ndipo mtu anapoonekana. Na najiuliza kila siku: wangapi walioandika Kiswahili kizuri kama kile, ambao aliyepokea barua zao hakuwa Yusuf Ulenge?

Tujadili. Mwenye barua, mwenye swali, karibuni.

---

MkaaMbali_254

Salaam kutoka Kisumu. Nimeipenda hii mada. Swali langu ni la tumbo: je, kuna pesa hapa? Nasikia Ulaya na Marekani barua moja inajenga nyumba.

---

SandukuLaBati

Mkuu wa Kisumu, swali halali kabisa. Pesa ipo, lakini iko huko kwao, na ina mwiba.

Juni 1999, kule New York, barua 14 ambazo mwandishi Mmarekani J.D. Salinger alimwandikia mwandishi mwenzake Joyce Maynard zilipigwa mnada kwa dola 156,500. Salinger alikuwa bado hai, tena mtu aliyejificha na dunia kwa miongo mingi. Mnunuzi, Peter Norton, tajiri wa programu za kompyuta, akatangaza kwamba amezinunua ili amrudishie mwenyewe. Kabla ya hapo, 1987, barua za mwandishi Franz Kafka kwa mchumba wake Felice Bauer ziliuzwa dola 605,000.

Mwiba ni huu. Ufaransa ilikuwepo kampuni inaitwa Aristophil, iliyoanzishwa 1990. Ilinunua barua na miswada ya waandishi wakubwa, kisha ikawauzia watu wa kawaida hisa humo kwa ahadi kwamba bei itapanda tu. Wastaafu, madaktari wa mitaani, watu na akiba zao. Novemba 2014 polisi wakaingia ofisini, mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Watu wapatao 18,000 walikuwa wameweka humo zaidi ya euro milioni 800. Makaratasi yenyewe yakawa yanapigwa mnada kuanzia 2017, miaka kadhaa mfululizo, maana ukiyamwaga sokoni siku moja bei inaporomoka.

Hapa kwetu tunaijua vizuri ladha ya upatu. Mtu akikuambia nunua barua kwa kuwa itapanda bei, shika njia yako. Nunua kwa kuwa unataka kuisoma.

---

KaraniMstaafu

Kijana, umesema vema juu ya laminesheni. Nimefanya kazi masjala miaka thelathini na moja. Ongeza na selotepu. Selotepu nimeiona ikigeuka rangi ya chai, kisha inadondoka yenyewe na kuacha doa ambalo halitoki. Na pini za chuma na klipu zinashika kutu, hasa huku pwani.

---

SandukuLaBati

Shikamoo mzee. Asante sana, hayo ndiyo tunayoyahitaji.

---

KaraniMstaafu

Marahaba mwanangu. Endelea.

---

DadaWaMaktaba

Naomba tuzungumzie sahihi za kughushi, maana siku hizi mitandaoni kila mtu anauza "barua halisi". Mwanzisha uzi, unaitambuaje?

---

SandukuLaBati

Dada, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa ya wengi inapozama.

Kwanza tutofautishe. Kuna barua iliyoandikwa yote kwa mkono wa mwandishi na kutiwa sahihi. Kuna iliyopigwa taipu, pengine na karani wake, yeye akatia sahihi tu. Kuna sahihi iliyotiwa na karani kwa niaba yake. Kuna sahihi iliyochapwa na mashine. Na kuna picha ya barua, iliyochapishwa vizuri ikafanana na ya kweli. Bei na thamani vinashuka kwa mpangilio huohuo.

Sahihi iliyochapwa ukiitazama kwa lenzi ya kukuzia unaona vidoti, au wino umelala sawasawa kila mahali. Sahihi ya kalamu ya wino haiko hivyo: penye mwendo wa haraka wino unakonda, mkono unapogeuka unajaa, mwishoni unaning'inia. Geuza karatasi na upapase mgongo wake kwa kidole. Kalamu iliyokandamiza utaisikia.

Mwenye kughushi anachora, haandiki. Mistari yake inatetemeka penye mzunguko, tena anainua kalamu mahali ambapo mwenye jina lake hakuwahi kuinua. Na hakuna binadamu anayetia sahihi mbili zinazolingana nukta kwa nukta. Ukiweka mbili moja juu ya nyingine mbele ya dirisha zikaingiana kabisa, moja ni nakala ya mwenzake.

Kisha vitu vyenyewe. Kalamu za biki zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945, kwa hiyo barua ya 1932 iliyoandikwa kwa biki, irudishe. Karatasi nazo: kuanzia kama miaka ya 1950 viwanda vilianza kuzitia dawa ya kuzing'arisha, na dawa hiyo inawaka buluu chini ya ile taa ya kukagulia noti bandia. Taa hiyo kila duka kubwa linayo. Barua ya 1920 ikiwaka kama shati jeupe disko, mwachie mwenyewe.

Lakini mtu akiwa na akili, vyote hivyo atavipita. Lee Israel, mwandishi wa wasifu wa watu maarufu kule New York, alipoishiwa mwanzoni mwa miaka ya 90 alitengeneza barua kama 400 za waandishi waliokufa: Dorothy Parker, Noël Coward, Lillian Hellman na wengine. Alitafuta mashine za taipu za zamani, kila mwandishi na yake. Alipata karatasi za zamani tupu. Alilaza televisheni chali akaitumia kama meza yenye mwanga ili afuatishe sahihi. Zaidi ya yote alijua kuandika kwa sauti zao, na madalali wakafurahia utani uliomo ndani bila kujua ni wake yeye. Alihukumiwa 1993, kifungo cha nyumbani miezi sita na uangalizi miaka mitano. Barua zake mbili zilipenya hata kwenye kitabu rasmi cha barua za Coward kilichotoka 2007.

Na kilichowashtua watu, dada, hakikuwa wino wala karatasi. Coward wake alikuwa anajisema mno mambo yake ya faragha, mambo ambayo katika enzi ile yangemfikisha mahakamani. Aliyemjua Coward alijua asingeandika hivyo. Ndiyo maana nasema kabla hujatazama sahihi, soma barua. Huyu mtu anasema hivi? Anamwita huyu hivi? Alikuwa mji huo tarehe hiyo?

Halafu uliza nasaba: nani aliandikiwa, ikatoka kwake ikaenda kwa nani, ikafikaje kwako. Barua isiyo na nasaba mimi siigusi, hata ikiwa nzuri vipi.

---

MtotoWaMalindi_ZNZ

Assalam aleikum. Naongeza kidogo kutoka Unguja. Arthur Rimbaud, yule mshairi Mfaransa aliyeacha ushairi akiwa kijana, alifika Aden, Yemen, 1880 kisha Harar, Ethiopia, kufanya biashara. Barua zake kwa mama yake na dada yake zipo, na ndani yake mara kwa mara anataja kwamba huenda atakwenda Zanzibar. Hakufika. Alifariki Marseille 1891. Nilipozisoma nilishangaa hazina ushairi hata chembe. Anaagiza vitabu vya ufundi, anahesabu fedha, analalamikia joto. Wapo waliosikitika. Mimi nilimwona karibu zaidi.

---

SandukuLaBati

Wa aleikum salaam kaka. Ndiyo hasa. Kumbe jina la kisiwa chenu lilikuwa ndoto ya mtu aliyekwama Harar. Mama yake angezitupa barua hizo, leo tusingelijua hilo.

---

MpitaNjia77

Mimi nipo kinyume na nyote. Barua ya mtu ni siri yake na aliyeandikiwa. Kwa nini mtu akifa tuanze kumpekua? Waacheni wazee wapumzike.

---

SandukuLaBati

Ndugu yangu, hoja yako naiheshimu, na waandishi wenyewe wapo upande wako. Septemba 1860 Charles Dickens, mwandishi wa riwaya Mwingereza, alikusanya barua alizoandikiwa na watu kwa miaka mingi, akaziwasha moto nyuma ya nyumba yake ya Gad's Hill, watoto wake wakimsaidia kubeba vikapu. Hata hivyo barua alizoandika yeye zilikuwa mikononi mwa watu, na leo zilizopatikana ni zaidi ya 14,000. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway mwaka 1958 aliacha maandishi kwamba barua zake zisichapishwe, mkewe akaja kuruhusu na zikatoka 1981.

Sheria imejaribu kukata jambo hili katikati. Karatasi ni ya aliyeandikiwa. Maneno ni ya aliyeandika, na baada yake ni ya warithi wake. Salinger alishinda kesi Marekani mwaka 1987 kwa msingi huo: mwandishi wa wasifu wake alikuta barua zake kwenye maktaba za vyuo, mahakama ikamzuia kuyatumia maneno ya Salinger. Tanzania na Kenya hakimiliki inadumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Kwa hiyo mtu kuwa na barua kabatini si ruhusa ya kuipiga picha na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Ndiyo sababu sijamtaja mshairi wa baba yangu.

Kutunza si kutangaza, ndugu yangu. Unaweza kuitunza barua miaka thelathini bila kumwonyesha mtu. Ila ukiichoma, umewaamulia hata wajukuu wake.

---

MpitaNjia77

Hapo kwenye kutunza bila kutangaza nimekuelewa. Kwenye kupiga mnada mapenzi ya watu bado sikubali.

---

SandukuLaBati

Hata mimi roho haitulii hapo. Tuko pamoja.

---

DadaWaMaktaba

Jambo lingine linaloniuma: barua za waandishi wetu ukizitaka inabidi upande ndege. Kumbukumbu za kampuni ya vitabu ya Heinemann, zikiwamo barua za waandishi wa ule mfululizo wa vitabu vya Waafrika, zipo Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Makaratasi ya Chinua Achebe yapo Harvard. Sisemi zimeibiwa, huko zimetunzwa vizuri. Lakini mwanafunzi wa Mlimani anazionaje?

---

MkaaMbali_254

Na huku kwetu ukipeleka Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue Nairobi, je, watapokea barua za mtu binafsi?

---

KaraniMstaafu

Peleka, uliza. Usiende mikono mitupu: andika orodha, barua ngapi, za tarehe gani, kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Mhifadhi akiona orodha anajua unajua ulichobeba. Dar ukiwa na makaratasi kama haya kuna sehemu ya East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu. Unguja ipo Nyaraka pale Kilimani. Na uombe maandishi yanayosema kama umetoa moja kwa moja au umeweka amana.

---

BintiPangani

Kaka Sanduku, nimesoma uzi wote tangu saa mbili usiku. Sikuwa na mpango wa kuandika ila moyo unaenda mbio. Bibi yangu yupo Pangani, ana kopo la biskuti, lile la bati la duara. Ndani kuna barua za marehemu babu. Babu alikuwa akituma mashairi kwenye gazeti la Mambo Leo, na nakumbuka bibi akisema alikuwa anaandikiana na washairi wenzake, wengine wenye majina. Mwaka juzi mjomba alitaka kuzichoma wakati wa kupaka nyumba rangi, bibi akakataa. Nifanye nini kwanza?

---

SandukuLaBati

Dada, kwanza mpe bibi shikamoo yangu. Pili, usifungue kitu kwa haraka.

Subiri siku kavu, si leo kama kuna mvua. Nawa mikono, ikauke kabisa, usipake mafuta. Tandika shuka safi la pamba juu ya meza mbali na chakula na chai. Toa barua moja moja kwa mpangilio ulioikuta, maana mpangilio wa babu nao unasema kitu. Iliyoshikamana usiivute. Iliyokunjwa ikiwa ngumu iache ilivyo, mwenye ujuzi ataifungua. Piga picha mbele, nyuma na bahasha, kwa mwanga wa dirisha bila flashi. Usiandike chochote juu ya karatasi. Namba iandike kwa penseli kwenye bahasha mpya ya karatasi utakayoitia.

Kopo la bati si baya sana, limezuia panya na mchwa, ila ndani linatoa jasho. Tia vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, visiguse karatasi, na ubadilishe mara kwa mara. Mfuko wa nailoni hapana. Sakafuni hapana. Ukutani kwenye fremu inayopigwa jua hapana kabisa, wino unakwenda na jua.

Na kabla ya yote hayo, keti na bibi umuulize. Rekodi kwa simu akikubali. Huyu aliyejiita "nduguyo katika shairi" ni nani? Walikutana wapi? Mwenye kuyajua hayo ni yeye tu, na ndiyo nasaba ya barua zenu.

---

BintiPangani

Naondoka Tanga kesho asubuhi na basi la kwanza.

---

MtotoWaMalindi_ZNZ

Safari njema dada. Zikiwa kwa hati za Kiarabu usizitupe ukidhani ni dua tu. Wazee wengi wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi hizo, hata barua za nyumbani. Tafuta anayesoma.

---

BintiPangani (siku tatu baadaye)

Nimerudi. Bibi hakunipa kopo, na sikumlazimisha. Tumeketi naye barazani siku mbili, yeye analitoa kopo, anachagua barua, ananipa, nikisha kuipiga picha anairudisha mwenyewe. Zipo arobaini na moja. Sita ni za hati za Kiarabu, bibi anazisoma bila miwani.

Kuna moja ya karatasi nyembamba, wino umekuwa kahawia. Mwisho wake kuna sahihi ndefu yenye mkia unaorudi nyuma ukapita chini ya jina zima. Bibi aliweka kidole juu ya ule mkia akaufuata hadi mwisho bila kusema kitu, kisha akataja jina la mtu aliyeandika. Sitaliandika hapa mpaka tuwapate watoto wake.

Kaka, uliniambia nitazame bahasha. Zipo, lakini nyingi stempu zimekatwa na mkasi, nadhani ni sisi wajukuu tulipokuwa tunakusanya stempu. Kwenye ile moja imebaki nusu ya muhuri wa posta. Inasomeka "...GAMOYO" na mwaka 1949. Siku na mwezi vimekwenda na stempu.

---

SandukuLaBati

Bagamoyo 1949. Dada, lile boksi au albamu mliyokuwa mnabandika stempu utotoni, ipo bado?

---

BintiPangani

Ipo kwa kaka yangu Muheza. Nimempigia sasa hivi, anaitafuta.